Hasira ya Mwenye Nguvu na Ulimi wa Mnyonge: Kesi ya Ardhi ya Wameru katika Mizani ya Fasihi

Methali moja ya Kiswahili humwambia mnyonge: mwenye nguvu mpishe. Nyingine humwambia mwenye nguvu: hasira hasara. Methali hizi hazigombani. Kila moja inamsemesha mtu wake, na baina yao ndipo ulipo msingi wa vita vya wanyonge popote vilipopiganwa, viwe vya msituni na vya kuvizia, au vya ukaidi mtupu wa kukataa amri. Mnyonge hamwezi mwenye nguvu kwa kupimana naye ubavu. Analoliweza ni kumchokoza mpaka apandwe na hasira, na katika hasira hiyo mwenye nguvu atende kwa mikono yake lile ambalo adui zake wasingeweza kumtendea: achome nyumba za wasiohusika, afunge wasio na hatia, awageuze waliokuwa wakinyamaza kuwa mashahidi dhidi yake.

Fasihi ya Kiswahili imeikaribia siri hii mara nyingi. Imo katika Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy. Imo katika Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotoka mwaka 1969. Lakini kazi inayoidhihirisha kwa uwazi mkubwa haikutoka pwani, si utenzi wala tamthilia, na haikuandikwa hata kwa Kiswahili. Ni kitabu chembamba kiitwacho The Meru Land Case, yaani Kesi ya Ardhi ya Wameru, cha Kirilo Japhet na Earle Seaton, kilichochapishwa Nairobi na East African Publishing House mwaka 1967. Kirilo alikuwa Mmeru aliyebeba shauri la watu wake mpaka New York; Seaton alikuwa mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Kitabu chao kinahusu watu ambao hawakwenda msituni wala hawakushika silaha. Hata hivyo, kikiwekwa kando ya kazi zinazosimulia vita vya silaha, kinajibu swali ambalo kazi hizo zimeliacha wazi: ni lini hasira ya mwenye nguvu humdhuru yeye mwenyewe, na ni lini humdhuru mnyonge peke yake?

Jibu la haraka, ambalo husikika sana katika mashairi ya sifa, ni kwamba ukatili ukizidi hujiangusha. Historia ya Mlima Meru hailikubali jibu hilo.

Mwezi wa Oktoba 1896, wamisionari wawili wa Kilutheri wa Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa na wapiganaji wa Kiarusha na Kimeru pale Akeri, kwenye miteremko ya Meru. Walikuja kufungua kituo. Machoni mwa vijana wa rika la kupigana, walikuwa mguu wa kwanza wa dola iliyokwisha kuushika Uchagga. Kapteni Kurt Johannes akajibu kwa jeshi la askari wake pamoja na wapiganaji wengi wa Kichagga. Nyumba zilichomwa, migomba ilikatwa, mifugo ikaswagwa. Haikutosha. Mwaka 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli huko Moshi pamoja na viongozi wengine wa Kichagga, Kimeru na Kiarusha, na karibu na wakati huohuo boma lao likasimama Arusha. Boma hilo lipo hadi leo, nalo ni makumbusho katikati ya jiji.

Kwa kipimo chochote, hasira ile ilivuka mpaka. Wamisionari waliouawa Akeri walikuwa wawili. Walioadhibiwa ni watu wa mlima mzima. Na bado haikumdhuru Mjerumani. Hakupoteza rafiki, hakutoa hesabu kwa yeyote, hakulazimika kubadili hata amri moja kwa sababu ya migomba iliyokatwa. Sababu haikuwa uchache wa ukatili. Sababu ni kwamba hapakuwa na sikio. Yaliyotendeka Meru yalisimuliwa Ujerumani na waliotenda na jamaa zao, na katika masimulizi yao waliokuwa na majina walikuwa marehemu wawili tu. Wengine walikuwa adhabu iliyotekelezwa.

Pwani, miaka michache kabla ya hapo, mambo yalikwenda kwa namna nyingine, ingawa mwisho wake haukuwa mwema zaidi. Mwezi wa Agosti 1888, ofisa wa Kampuni ya Kijerumani, Emil von Zelewski, alipandisha bendera ya kampuni Pangani na kuwadharau waliokuwa wakishika madaraka kwa jina la Sultani. Watu wa Mrima wakainuka, na Abushiri bin Salim akawa kiongozi mashuhuri wa vita hivyo. Katika muda mfupi kampuni ilikuwa imefukuzwa karibu miji yote ya mwambao, ikabaki kushikilia Bagamoyo na Dar es Salaam. Yaani uchokozi ulikuwa wa mwenye nguvu, na hasara ikawa yake. Lakini hasara hiyo ndiyo iliyomleta Hermann von Wissmann na jeshi lake mwaka 1889. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba mwaka huo, na tarehe 1 Januari 1891 dola ya Ujerumani ikaitwaa nchi yenyewe, bila ya kupitia kampuni. Watu wa Mrima walimfukuza fisi, akaja simba.

Thamani ya utenzi wa Hemedi ni kwamba haukuiacha hadithi hiyo mikononi mwa washindi. Mshairi aliwatazama Wadachi kwa jicho la waliovamiwa, na kwa mizani minane na kina cha mwisho kinachorejea beti kwa beti akayapa mambo yale umbo linalokaa kichwani. Msomaji wa leo anayetaka kujua uvamizi ule ulionekanaje kutoka barazani, badala ya kutoka sitahani mwa manowari, hana budi kupita kwa Hemedi. Hata hivyo, hapana budi kuuliza: utenzi huo ulimsemesha nani? Uliwasemesha watu wa nyumbani, waliokuwa wakiyajua maumivu kabla ya kuyasikia. Hapakuwa na baraza duniani ambalo Mdachi alipaswa kusimama mbele yake akajibu beti za Hemedi. Utenzi uliihifadhi haki, kuidai haukuweza.

Ebrahim Hussein aliingia katika jambo hili kwa mlango mwingine. Vita vya Maji Maji, vilivyoanza katika milima ya Umatumbi mwezi wa Julai 1905, ndivyo vilivyompa kisa chake. Historia yenyewe inajulikana: watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, Wajerumani wakajibu kwa bunduki, kisha kwa kuchoma mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa hutofautiana kutoka 75,000 hadi 300,000. Baada ya vita hivyo Gavana Albrecht von Rechenberg alilegeza baadhi ya sera, kwa hivyo si kweli kwamba Mjerumani hakujifunza lolote. Lakini alijifunza kwa gharama ya maiti ambazo hazikuwa zake.

Katika tamthilia, Kinjeketile anawaunganisha watu kwa maji, kisha anawataka wasubiri kwa kuwa hawajawa tayari. Wamechelewa kumsikia. Neno lake limekwisha kuwa kubwa kuliko yeye, nao wanakwenda. Hussein ameona hapa jambo ambalo washairi wa sifa hupenda kulipita: anayeichokoza dola huweka rehani maisha ya wengine, na mara nyingi hao wengine hawakuulizwa. Ndiyo maana mwisho wa tamthilia una uzito. Kinjeketile, akiwa mfungwa, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa kuwa anajua neno hilo litatumiwa kuwaambia wajao kwamba hata sababu ya kupigana ilikuwa uongo. Shujaa huyu ameshindwa vita, anapigania ushahidi. Bila ya kutaja Meru hata mara moja, Hussein alikuwa amefika mlangoni mwa kitabu cha Kirilo na Seaton kilichotangulia tamthilia yake kwa miaka miwili.

Kilichokuwa kimebadilika baina ya maboma ya Wajerumani na ujana wa Kirilo si moyo wa watawala. Kilichobadilika ni kwamba mtawala sasa alikuwa na wa kumtolea hesabu. Tangu mwaka 1946 Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Uingereza iliitawala, lakini wakazi wake walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko yao kwenye Baraza la Udhamini, na ujumbe wa Baraza hilo ulikuwa ukija kuitazama nchi. Ulikuja mwaka 1948, 1951 na 1954. Katika miaka hiyohiyo, ripoti ya Tume ya Jaji Mark Wilson ya mwaka 1947 ilipendekeza ardhi ya baina ya Meru na Kilimanjaro ipangwe upya, ili mashamba ya walowezi wa Kizungu yawe eneo moja lisilokatizwa na makazi ya Waafrika. Wameru wa Ngare Nanyuki na Leguruki wakawa wamesimama katikati ya mpango huo. Serikali ya Gavana Edward Twining iliwaahidi fidia na ardhi nyingine Kingori. Walikataa fidia, wakaikataa Kingori, na wakakataa kuondoka.

Kukataa huku kutazamwe kwa makini, maana ndiko moyo wa kisa. Haikuwa subira ya wanyonge wasiojua la kufanya. Watu hawa walikuwa wajukuu wa mwaka 1896, na walijua mkuki unaleta nini. Walichomwachia mtawala ni njia mbili tu: ama aache mpango wake, ama autekeleze kwa nguvu mbele ya ulimwengu. Kila saini waliyokataa kuitia iliifunga njia ya tatu, ile anayoipenda kila mwenye nguvu, ya kuweza kusema kwamba wenyewe waliridhia.

Kuanzia tarehe 17 Novemba 1951, serikali ilichagua nguvu. Watu wapatao 3,000 walitolewa katika nyumba zao na nyumba zikachomwa. Ukilinganishwa na moto wa Johannes, huu ulikuwa mdogo. Lakini moto mkubwa ulizimika bila ya kumuunguza aliyeuwasha, na huu mdogo ukamfuata mpaka New York.

Msomaji wa Visiwani hahitaji kwenda mbali kupata mfano wa mwaka uleule. Mwezi wa Julai 1951, hapa Unguja, wakulima wa Kiembesamaki walikataa ng'ombe wao wasidungwe sindano za kimeta, huku wakiwa na uchungu wa ardhi iliyochukuliwa kwa ajili ya uwanja wa ndege. Walikamatwa, umma ukaghadhibika, polisi wakafyatua risasi na watu wakauawa. Jambo lililoanza kwa ng'ombe likageuka kuwa vuguvugu la wakulima, na vuguvugu hilo likawa miongoni mwa mizizi ya chama cha Zanzibar Nationalist Party cha mwaka 1955. Serikali iliyotaka kuonyesha kwamba haichezewi iliwapa watu sababu ya kukusanyika ambayo sindano peke yake isingewapa.

Wameru walichanga fedha, wakamlipia wakili, wakamchagua Kirilo awasemee. Mwaka 1952 alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, Mtanganyika wa kwanza kufanya hivyo. Lazima isemwe wazi kwamba hakurudi na ardhi. Baraza la Udhamini lilisikitika bila ya kuamuru. Kamati ya Nne iliwaunga mkono Wameru, lakini katika Baraza Kuu azimio halikupata theluthi mbili zilizohitajika. Anayehesabu ushindi kwa ekari atasema Wameru walishindwa.

Hesabu nyingine ilikuwa ikiendelea pembeni. Uingereza, iliyojinadi kuwa mlezi wa watu wasioweza bado kujitawala, ilikaa mbele ya mataifa ikieleza kwa nini mlezi amechoma nyumba za walelewa. Kirilo aliporudi, alizungumza na watu wa sehemu mbalimbali za Tanganyika, na habari za mlima mmoja zikawa habari za nchi. Mwezi wa Machi 1955 Julius Nyerere naye alisimama mbele ya Baraza la Udhamini kwa niaba ya TANU. Njia ilikuwa imekwisha kukanyagwa na mtu wa Meru. Mpango wa kuwatengea walowezi eneo lao peke yao haukuuvuka uhuru wa mwaka 1961. Kwa hivyo serikali ya Twining iliipata Ngare Nanyuki, na katika kuipata ikapoteza hoja iliyokuwa ikiitawalia Tanganyika nzima.

Hapo ndipo kitabu cha Kirilo na Seaton kinapoyaangaza hata mapigano ya silaha. Tarehe 20 Oktoba 1952, shauri la Wameru likiwa bado linazungumzwa New York, hali ya hatari ilitangazwa Kenya. Wapiganaji wa Mau Mau walikuwa wachache wa silaha, na katika uwanja wa vita walishindwa: Dedan Kimathi alikamatwa mwezi wa Oktoba 1956 na kunyongwa Februari 1957. Lakini Mwingereza alikwisha kufanya lile ambalo vita vya msituni humshawishi mwenye nguvu alifanye. Kwa kuwa hakuweza kumtambua mpiganaji katikati ya watu, aliwaadhibu watu. Zaidi ya Wakikuyu milioni moja walihamishiwa katika vijiji vilivyozungushiwa ulinzi, na maelfu wakajazwa kambini. Hofu ilivuka hata mpaka, na Wakikuyu waliokuwa wakiishi kaskazini ya Tanganyika wakakamatwa na wengi kurudishwa Kenya.

Je, ukatili huo wenyewe ndio ulioiangusha himaya? Miaka saba ya kambi haikuiangusha. Kilichoitikisa ni siku moja iliyopata mashahidi. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 walipigwa mpaka wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilivihusisha vifo hivyo na maji waliyokunywa. Uchunguzi ukaonyesha kipigo, habari zikafika katika Bunge la Uingereza, na wabunge wakasema wazi mambo ambayo watawala wa Nairobi walitaka yabaki nyuma ya seng'enge. Uongo wa maji ya Hola uliidhuru serikali ile kuliko marungu yenyewe, kwa sababu ulikuwa umesemwa kwa watu waliokuwa na haki ya kuuliza. Na ushahidi hauzeeki: mwaka 2013, baada ya nyaraka zilizofichwa Uingereza kufichuliwa katika kesi ya wazee waliokuwa kambini, serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wahanga 5,228 pauni milioni 19.9. Vivyo hivyo, tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier aliomba msamaha Songea kwa yaliyotendwa wakati wa Maji Maji. Sikio lililokosekana mwaka 1905 lilikuja likachelewa kwa miaka 118.

Kutokana na mifano hii, kanuni inayodaiwa na mabingwa wa vita vya msituni, kwamba mchokoze adui naye atajimaliza, inaonekana kuwa nusu ya kweli. Hasira ya mwenye nguvu humrudia pale tu yanapokutana mambo matatu: tendo lake, ulimi wa kulisema, na sikio ambalo yeye mwenyewe hawezi kulipuuza. Likikosekana la pili au la tatu, uchokozi huwa ni kuwasha moto katika nyumba ya jirani ili ulimwengu uone moshi, na ulimwengu usitazame. Watu wa Meru wa mwaka 1896 walikuwa na ujasiri kuliko wajukuu zao wa 1951, au sawa nao. Walichopungukiwa hakikuwa ujasiri.

Sasa kitabu chenyewe kipimwe kama kitabu. Sifa yake kubwa ni nidhamu. Umbo lake ni la kesi: hoja hutangulia machozi, na hasira ya waandishi imewekwa chini ya ulinzi. Hili si upungufu wa hisia. Mtu anayemshitaki mwenye nguvu kwa kosa la kupandwa na hasira hana budi aje mahakamani yeye mwenyewe akiwa ametulia. Waandishi walielewa kwamba kila neno lililozidi kiasi lingempa Mwingereza nafasi ya kujibu neno hilo badala ya kujibu moto. Katika hili wana la kuwafunza washairi wa kisiasa, ambao mara nyingi humtukana dhalimu kwa vina vizuri mpaka msomaji akasahau dhalimu alifanya nini.

Lakini nidhamu hiyo ina bei yake. Kesi huuliza ardhi ni ya nani, amri ilitoka lini, mkataba unasemaje. Haina nafasi ya kuuliza mama aliyetolewa nyumbani mwezi wa Novemba alibeba nini na akaacha nini. Na kwa kuwa kimeandikwa kwa Kiingereza, kitabu kinamsemesha jaji kabla ya kumsemesha jirani. Hapa ndipo kinapokuwa kinyume kamili cha utenzi wa Hemedi. Hemedi alikuwa na ulimi wa nyumbani, akakosa sikio la nje. Kirilo na Seaton walilipata sikio la nje, na kwa ajili yake wakauacha ulimi wa nyumbani. Mwaka huohuo wa 1967 Arusha ilitoa Azimio lake kwa Kiswahili, likasomwa na kuimbwa nchi nzima. Kisa cha mlima ulio juu ya mji huohuo kikabaki katika lugha ya mtawala aliyeondoka. Si kosa la waandishi, kwani kazi waliyojipa waliitimiza. Ni deni lililobaki kwa wengine.

Huenda akatokea msomaji akapinga kwamba uhakiki huu unawapa Wameru hila wasiyokuwa nayo. Kwamba walikataa kwa sababu ardhi ni yao, si kwa sababu walipanga kumtia mtawala mtegoni. Pingamizi hilo lina haki yake. Kukataa kwao kulikuwa na ukweli kabla ya kuwa na faida, na pengine hiyo ndiyo sababu kulifaulu. Mpiganaji anayetamani watu wake wachomewe nyumba ili apate hoja amekwisha kufanana na anayechoma. Tofauti baina ya Ngare Nanyuki na uchokozi wa namna hiyo ni kwamba waliochagua kukataa ndio waliobeba matokeo. Hakuna aliyewawekea rehani. Swali alilolitesa Kinjeketile jukwaani, la nani atalipa kwa neno langu, kule lilikuwa na jibu: wasemaji wenyewe.

Jambo hili si la kumbukumbu tu. Jiji la Arusha, lililoanza kujulikana kwa boma la kuadhibia, limegeuka kuwa mji wa masikio. Kuanzia mwaka 1995 hadi 2015 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikuwa na makao yake humo, na humo ikasikiliza mashahidi. Tangu 2007 ndiyo makao ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo mwezi wa Mei 2017 iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek kwa kuwatoa katika Msitu wa Mau, na Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia. Wanyonge waliotolewa msituni walisikilizwa chini ya mlima uleule ambao wenyeji wake ilibidi wavuke bahari ili wasikilizwe. Lakini mwezi wa Novemba 2019 Tanzania, mwenyeji wa mahakama hiyo, ilitoa taarifa ya kuliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kuishitaki moja kwa moja. Nchi ambayo sauti yake ya kwanza katika Umoja wa Mataifa ilikuwa ya mlalamikaji kutoka Meru ilikuwa imeamua kuupunguza upana wa mlango.

Anayeufunga mlango wa malalamiko hudhani anajikinga na aibu. Mlima Meru umekwisha kuonyesha mara mbili kinachotokea. Palipokosekana sikio, mwaka 1896, vijana walishika mikuki na mtawala akashika moto. Palipopatikana sikio, mwaka 1951, watu walishika kalamu hata baada ya nyumba zao kuungua. Mlango wa kulalamikia humkinga mnyonge na ukatili, na humkinga mwenye nguvu na hasira yake mwenyewe. Mnyonge mnyongeni, wasema wahenga, haki yake mpeni. Na katika haki zake zote, ya kusikilizwa ndiyo isiyomgharimu mnyongaji chochote, nayo ndiyo anayoiogopa zaidi.

Kwa washairi, deni liko palepale. Kitabu cha Kirilo na Seaton kimekwisha kuifanya kazi ya wakili. Kazi ya Hemedi, ya kuwapa watu wa nyumbani umbo la kukikumbuka kisa chao kwa lugha yao, inastahili kufanyiwa Ngare Nanyuki pia. Atakayeifanya asianze kwa kumtukana Twining. Aanze kwa kuwapa majina wale wapatao 3,000, mmoja mmoja, kadiri kumbukumbu za Leguruki na Ngare Nanyuki zitakavyomruhusu, maana kwa kukosa majina ndiyo sababu moto wa kwanza ulipita bila ya kuulizwa.